Saa Tano Hapa, Saa Nne Nakonde

Aliyeamua kwamba mambo ya watu wazima yarushwe usiku, watoto wakiwa wamelala, hakuwahi kuishi huku mpakani Tunduma. Huku usiku una saa mbili tofauti. Ikitimu saa tano kwetu, Nakonde ng'ambo ya mpaka ni saa nne, maana Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Simu nazo hazina uzalendo. Zinashika mnara wa upande wowote na kujibadilishia saa bila kumuuliza mwenyewe. Sasa mwambie kijana wa kidato cha pili azime televisheni akalale. Anakunyooshea kioo cha simu: "Baba, mbona saa nne tu?" Ukimjibu kwamba nyumba hii iko Tanzania, mama yake anauliza kama sukari tunayonywea chai nayo inatoka Tanzania.

Hata ukishinda ubishi wa nyumbani, iko grosari ya jirani. Kituo cha forodha cha pamoja kilifunguliwa Oktoba 2019, marais Magufuli na Lungu wote wakiwepo, lakini bado kuna siku mkia wa malori unafika Mpemba. Dereva anayesubiri kuvuka kwenda Lusaka au Lubumbashi atafanya nini usiku, kama si nyama choma na video za Bongo Fleva? Televisheni ya Wasafi ilipoanza 2018, jirani yangu alipata riziki, mimi nikapata spika iliyoelekezwa dirishani kwangu. Rimoti yao ilikwisha betri siku nyingi. Mhudumu alikuwa anapanda juu ya kreti la soda na kubonyeza televisheni kwa kijiti cha mshikaki, na akikosea akaangukia taarifa ya habari, madereva walipiga kelele kama wamefungwa goli.

Basi ukafika usiku wa Januari 1, 2021, likarushwa tamasha la Tumewasha, na msanii Gigy Money akapanda jukwaani na vazi lililoleta kizaazaa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaona maadili yamekiukwa, ikaifungia televisheni ya Wasafi miezi sita kuanzia Januari 6. Nikasema afadhali, sasa nitalala.

Nililala wapi! Mtaani kwetu wengi hawakuwa wameliona tamasha lenyewe. Ila adhabu ilitangazwa kila redio, na kufika jioni kipande kile kilikuwa kwenye kila simu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima ninayemheshimu, aliniita pembeni akaomba nimrushie, eti ajue cha kukemea Jumapili.

Ndivyo ilivyokuwa pia Mei 2016 serikali ilipoipiga marufuku "Chura", video ya Snura: watoto ambao hawakuwa na habari nayo wakajua hata pa kuinamia. Novemba 2018 BASATA, baraza la sanaa, ikaufungia wimbo wa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond. Desemba wakazuiwa wenyewe kupanda jukwaani, Januari wakafunguliwa. Lori linaweza kutoka hapa kufuata shaba ya Kongo likarudi likakuta mtu ameshasamehewa. Na ile miezi sita ya Wasafi? Ilipunguzwa; Februari ilipokwisha, na adhabu ikawa imekwisha.

Grosari haikupona hata hivyo. Siku hizi televisheni inawaka na hakuna anayeitazama. Kila dereva ana kifurushi chake cha intaneti, kainamia simu yake, anaangalia video anazozitaka saa anayoitaka. Usiku kumetulia. Mwenye grosari ananilalamikia mimi, kana kwamba nilikuwa mteja.

Kumbe viuno havikufa, vimehamia mchana! Panda basi la asubuhi kutoka Mbeya uone. Skrini iko juu ya kichwa cha dereva, spika iko juu ya kichwa chako, na wanenguaji wamevaa vitambaa visivyotosha kufutia kioo cha basi. Mbele yangu ameketi mwalimu wa shule ya msingi, kando yake bibi ana kitabu cha nyimbo za dini, na mtoto wa miaka minne kasimama kwenye kiti anajifunza. Nikamwambia kondakta apunguze. "Mzee, kwani umelazimishwa kuangalia? Funga macho." Masikio je?

Waheshimiwa wa maadili, usiku tuachieni, hauna watazamaji tena. Njooni mpande basi la saa mbili asubuhi, na nauli nitawalipia mimi, ilimradi mkae chini ya ile spika mpaka Vwawa.