Bei ya mwisho

Shemeji yangu akienda soko la Kongowea hubishania fungu la mchicha hadi muuzaji atokwe jasho, na haondoki bila nyongeza. Jumamosi alikwenda yadi kununua gari jipya. Jipya la Mombasa, yaani lililokwisha kutumika Japani miaka 7. Sheria ya Kenya kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini inakomea miaka 8. Akauliza bei ya mwisho. Kijana wa yadi akahema, akabonyezabonyeza kikokotoo, akalaumu ushuru, akalaumu dola, kisha akanong'ona: "Bosi akijua nimekupunguzia, sina kazi." Shemeji akamwonea huruma. Katika milioni moja na nusu kapunguziwa elfu 5, na mazulia ya miguuni bure. Njiani akaegesha gari, akashuka kumkemea muuza mahindi: shilingi 30 za nini?