Novemba ya Mkweche

Jumapili

Gari limegoma asubuhi. Betri ina nguvu, stata inazungusha, dizeli imo tangini, na kwenye ekzosi hakuna moshi wa rangi yoyote. Kwa Hilux kuukuu yenye injini ya 3L hiyo ni nafuu. Moshi mweupe ungesema dizeli inafika lakini haiungui; mweusi ungesema inazidi. Kukosa moshi kabisa maana yake haifiki. Nikabonyeza kipampu cha mkono kilicho juu ya filta mpaka kikawa kigumu, nikalegeza nati za mabomba ya nozeli, mke wangu akapiga stata. Likatoka povu, kisha dizeli tupu. Nikakaza nati, likawaka.

Arusi ilikuwa Naliendele saa nne. Tumefika saa sita. Bwana arusi amefika saa saba, kwa hiyo kwenye kumbukumbu za ukoo tumeandikwa miongoni mwa waliowahi. Mgeni wa meza ya jirani ameuliza kama kuna jenereta karibu. Mke wangu amesema ipo.

Jumatatu

Limegoma tena. Likishatolewa upepo hutembea siku nzima bila neno. Likilala usiku kucha, dizeli inarudi tangini na upepo unashika nafasi. Jirani yangu, mstaafu wa bandarini, amelala chini akakagua kuanzia tangi mpaka injini, akainuka na kujikung'uta mchanga.

"Halivuji, Mwalimu."

"Ndiyo taabu yenyewe, bwana."

Injini hii haina pampu ya kusukuma mafuta kutoka tangini. Pampu ya nozeli ndiyo inayoyavuta, kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija uliotoboka: nje hakidondoki kitu, ila yeye anameza upepo. Jirani amesikiliza mpaka mwisho, kisha akasema afadhali ningenunua gari linalovuja, mtu akaona kosa liliko.

Jumanne

Kuuona upepo kunataka mpira angavu. Fundi mwashi anayejenga ukuta wa jirani anao, ule wa kupimia leveli kwa maji. Nikamwomba kipande, akakata kwa moyo mweupe. Nikakifunga kati ya filta na pampu, nikawasha: viputo vinapita. Nikakihamishia nyuma ya filta: vinapita. Nikakipeleka karibu na tangi: bado vinapita. Basi mhalifu ni mpira mfupi ulio juu ya tangi lenyewe, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki mpaka tangi lishushwe. Toyota walikuwa na nafasi ya kutosha kuuweka kwingine.

Bolti za tangi zimeliwa na chumvi ya Mikindani tangu enzi za Mkapa. Spana namba 14 imeteleza. Spana malaya nayo imeteleza, ingawa kwa kawaida haichagui. Tumezilowesha bolti kwa oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa, tukaziacha zilale. Tukiwa chali mvunguni, maembe yakaanguka kwenye injini iliyo wazi. Moja lilitua juu ya manifodi yenye moto, na tulipolitoa lilikuwa limeiva upande mmoja. Jirani amelila upande huo.

Jioni mwashi amekuja kunijulisha kwamba leveli yake sasa haifiki kona ya pili. Kona hiyo ataipima kwa jicho.

Jumatano

Bolti zimetoka, isipokuwa moja iliyokatika, ambayo nayo imetoka kwa namna yake. Juu ya tangi nimekuta mpira wa baiskeli uliofungwa kwa waya. Kuna fundi, sijui wa mkoa gani, aliyeamini kwamba mpira ni mpira. Dizeli huuvimbisha mpira wa baiskeli na kuulainisha mpaka ukawa kama ulimi. Nimeweka mpira wa mafuta na vibano viwili.

Ndani ya tangi, chini kabisa, mlikuwa na maji na ute mweusi. Ute huo ni viumbe hai: mahali dizeli inapokutana na maji, vijidudu huzaliana, na hewa ya pwani haikosi maji ya kugandia kwenye kuta za tangi lililo nusu. Dawa ni kulijaza tangi kila jioni. Ushauri huu hutolewa na watu ambao hawajaziona bei.

Na leo ndiyo siku ya bei. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo, na Mtwara ina safu yake kwa sababu meli za mafuta hushusha hapa pia, si Dar es Salaam na Tanga peke yake. Kijiweni habari hiyo imejadiliwa mpaka adhuhuri na watu ambao wengi wao hawana hata pikipiki. Mzee mmoja amekumbusha zama za uchakachuaji, kabla vinasaba havijaanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 na kabla bajeti ya 2011 haijapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuchanganywa na dizeli. Pampu za aina ya yangu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Mafuta ya taa ni makavu, chuma kinasaga chuma. Pampu ngapi zilikufa miaka ile, kijiwe kimetaja idadi tatu tofauti.

Jirani akashauri nitie mafuta ya kula. Amesikia dizeli hula chochote. Si uongo: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Sisi watu wa Mtwara tungepaswa kuwa wa mwisho kusikia habari za karanga. Bandari hii anayoijua yeye kwa mgongo wake, Waingereza waliianza kwa ajili ya karanga za Nachingwea, pamoja na reli ya kuzileta. Mpango ukafutwa mwaka 1951, bandari ikaendelea kujengwa mpaka ikaisha, na baada ya uhuru reli ikang'olewa. Hivyo tunayo bandari ya kina kirefu inayoteremsha dizeli, kwa sababu ya zao ambalo lingeweza kuwa dizeli, ambalo halikuja. Nilikuwa naendelea vizuri. Mke wangu akauliza kama nimeiona bei ya lita moja ya mafuta ya kula.

Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeibuni injini ya namna hii, alipotea baharini usiku mmoja wa Septemba 1913, akiwa kwenye meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Sababu bado inabishaniwa. Wenye magari ya dizeli hatubishani.

Ijumaa

Gari linawaka asubuhi kwa mguso mmoja. Limebaki tatizo la kulizima.

Dizeli haina plagi za kupiga cheche, basi ukikata umeme injini haina habari. Kinachoizima ni kivalvu kidogo cha umeme kwenye pampu: ukizima swichi, kipini kinarudi na kuziba njia ya mafuta. Mwenye gari kabla yangu aliwahi kuzimikiwa porini kwa waya uliolegea, na fundi wake akakitoa kipini kile moja kwa moja ili lisimzimikie tena. Halikumzimikia tena. Kwangu mimi ufunguo unazima redio, na redio iliibwa. Gari huzimwa kwa kutia gia ya nne, kukanyaga breki na kuachia klachi. Linaruka kidogo, linakufa.

Leo kulikuwa na msiba mtaa wa juu, nikaombwa nibebe viti na masufuria ya wali. Nimefika sheikh ameshainua mikono. Nikatoa ufunguo, nikautia mfukoni, injini ikaendelea. Kuliua kwa gia nisingeweza: masufuria mawili yalikuwa wima nyuma, yamejaa, hayakufungwa. Nikashuka nikakaa na waombolezaji. Sheikh akapandisha sauti. Injini ya silinda nne bila kifuniko cha kuzuia kelele nayo haikushuka. Akanyamaza kidogo, akaningojea. Mzee wa pembeni yangu akanigusa goti.

"Mwalimu, gari lako linawaka."

"Nalijua, baba."

Akatikisa kichwa kwa upole, kama unavyomtikisia aliyefiwa. Dua imeendelea, na watu wameitikia amina kila walipoona midomo ya sheikh imetulia. Baadaye vijana wakashusha masufuria, mmoja akapanda kulizima, akatia gia ya kwanza badala ya nne. Viti vyote vimepatikana. Bustani ya maua ya mwenye nyumba haikuwa na maua mengi.

Kipini kipya kipo mjini. Muuzaji haniuzii kipini bila kununua pampu nzima.

Jumamosi

Msimbati, kumchukua shemeji anayehama. Ukishapita Madimba mchanga unaanza kudai haki yake. Nikapunguza upepo kwenye tairi, nikashuka kugeuza habu za mbele kutoka FREE kwenda LOCK. Ya kulia imegeuka. Ya kushoto imeshikwa na kutu, haikubali. Habu moja ikibaki huru, difu hupeleka nguvu zote kwenye upande usio na kazi, na ekseli yote ya mbele inakuwa abiria. Tumezama mpaka sahani ya tairi.

Vijana wamesukuma kwa bei waliyoipanga kabla hatujafika, nadhani kwa ajili ya mtu yeyote. Chini ya mchanga huohuo iko gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, ambayo tangu 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam bila kukwama mahali. Mchana tumekaa tunaitazama njia yake. Kujaza tena upepo kwa pampu ya baiskeli kumetuchukua kutoka Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Shemeji ameamua kuhama mwezi ujao.

Jumatano, wiki iliyofuata

Kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT. Kila kilomita 100,000 inawaka kukumbusha kubadili mkanda wa taimingi. Yangu haijawahi kuwaka, jambo lililonipa amani kwa miaka mingi, mpaka leo nilipobandua kipande cha plasta nyeusi na kuikuta inawaka chini yake.

Mkanda huo ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, valvu na pistoni hukutana, na mwanya wa kukutania ndani ya dizeli ni mdogo kuliko wa petroli. Nimeagiza mpya Kariakoo. Umefika na basi la usiku, umefungwa vizuri, ni wa injini nyingine, 1KZ.

"Zinaingiliana hizo, mzee," amesema muuzaji kwenye simu.

Nimeupima juu ya puli. Haviingiliani kwa lolote. Ameahidi kutuma mwingine, nami nimetakiwa kurudisha huu kwanza, kwa nauli yangu.

Jumamosi

Mkanda sahihi. Bolti ya puli ya krenki haikufunguliwa tangu Japani. Tumetia bomba la maji kwenye mpini wa spana, mpwa wangu akaning'inia, jirani akaning'inia juu ya mpwa. Imelia mlio wa risasi na mbuzi wote wamekimbia. Kulinganisha alama za krenki, kemshafti na pampu ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayeziona. Zimefunikwa na grisi ya miaka, na kila aliyepita ameonyesha alama yake. Nimezungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, hakuna kilichogonga. Limewaka.

Mkanda uliotoka unafanana kabisa na ulioingia. Jirani ameuomba. Mbuzi wake mkubwa sasa amefungwa kwa mkanda wa taimingi wa Toyota na hakimbii, labda kwa sababu mkanda ni mzima kuliko alivyodhani.

Jumapili

Mke wangu ametafuta mnunuzi. Amekuja mzee kutoka Newala, mtu mzito, kofia ya kibandiko, hana haraka. Amegusa boneti akaikuta ina moto.

"Mmelipasha kabla sijafika."

"Ni jua, mzee."

Saa saba mchana, Novemba, Mikindani. Hakuridhika. Gari likawaka kwa mguso mmoja, akaona ndilo tatizo: dizeli ya umri huu inayowaka hivi ina siri. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa. Akafungua kifuniko cha oili juu ya injini, akakigeuza na kukiweka kichwa chini juu ya tundu, injini ikiwa inanguruma. Ndivyo wajuzi wanavyopima ringi: zikiwa zimeliwa, upepo wa silinda unapanda na kifuniko kinachezacheza au kuruka. Kifuniko kimetulia. Amekitazama muda mrefu.

"Injini nzima namna hii, Mwalimu, kwa nini unaiuza?"

"Anayeuza ni mimi," amesema mke wangu kutoka barazani.

Hilo alilielewa mara moja. Amesema atanunua, bei haibishii, ila fedha atapata korosho zake zikishapita mnadani. Tumempa maembe ya safarini. Nimelizima kwa gia ya nne, akarudi hatua moja nyuma, hakuuliza.

Jioni nimekwenda kukaza kifuniko, sikukiona. Tumepekua chini ya gari, ndani ya manifodi, kwa mbuzi. Nimempigia, ameshafika Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Kiko kwenye mfuko wa koti lake. Kiko salama, amesema, nisiwe na wasiwasi, atakuja nacho akija kununua baada ya mnada. Tundu tumeliziba kwa gunzi la mahindi, ambalo limeingia sawasawa.

Nimemtumia ujumbe kuuliza ni mnada upi. Hajajibu.