Miiba Mitano

Paliondokea chui mmoja aliyetawala himaya pana yenye mto mkubwa na misitu isiyopenywa na jua, naye alikuwa na desturi ambayo wanyama waliistaajabia wasithubutu kuitaja: kichwani alivaa kofia ya ngozi ya chui. Chui huyo alipenda sherehe kuliko chakula. Mwaka mmoja aliwaleta fahali wawili kutoka ng'ambo ya bahari, akawaahidi vikapu milioni 5 vya shaba kila mmoja, wapigane mbele ya raia zake kabla ya alfajiri, saa ambayo watazamaji wa ng'ambo walikuwa bado hawajalala. Mmoja akaanguka, mwingine akabebwa juu juu, na ngoma za himaya zikaendelea kumsifu Chui kwa pambano ambalo yeye hakutoa hata ukucha.

Mbali na ikulu, mwendo wa siku nyingi kwa njia za tope, palikuwa na hospitali ya vitanda 120 iliyojengwa na yangeyange, ndege weupe waliotoka nchi ya baridi ili kumtumikia Mola wao. Tabibu hakuwapo hata mmoja. Dawa zilikuwapo, tena si haba, na kwa ajili hiyo wanyama walimiminika kwa maelfu kila mwezi. Ila dawa ya kumeza hawakuiamini. Swala akipewa kidonge hukitia shavuni, akauliza kwa adabu, "Na ule mwiba, Mama Sista?" Kwani katika nchi ile kutibiwa ni kuchomwa, na asiyechomwa hurudi nyumbani akinung'unika kwamba amedharauliwa.

Miiba yenyewe ilikuwa ya nungunungu, nayo ilikuwa 5. Kila asubuhi yangeyange mkubwa aliihesabu juu ya sinia na kuigawa: kwa waliotoka nje, kwa waliolazwa, na kwa wenye mimba. Muuguzi kijana alimchoma ngiri pajani, akautumbukiza mwiba katika beseni la maji vuguvugu, akautikisa mara mbili, akautazama juani kama umenasa kitu, kisha akaita, "Anayefuata!" Jioni miiba ikichemshwa, ilichemshwa, siku nyingine kuni zilikuwa zimelowa. Nisidhaniwe nawacheka ndege wale. Mwenye mwiba mmoja na foleni inayofika mtoni afanyeje? Bali Fisi, mhazini wa Chui, aliyewahesabia fahali shaba bila kusinzia, alipoulizwa habari za miiba alijibu kwamba hazina haina kitu, na kwamba mwiba ni mali ya kudumu.

Ikawa Mwalimu Nyani alirudi kutoka safari ya kaskazini akiwa na homa. Akachomwa mwiba wa malaria, homa ikatulia, akashukuru akaenda zake. Haukupita muda homa ikarudi, safari hii na damu. Kama yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa ule au aliukuta kwenye foleni, wazee wanabishana hadi leo. Lililo yakini ni kwamba miiba ilikuwa imekwisha kuogeshwa na kuendelea na kazi.

Waliopukutika kwa wingi walikuwa majike wenye mimba, ambao hawakuwa wakiumwa na chochote. Walikwenda kupimwa, wakachomwa mwiba wa kuwatia nguvu, wakarudi vijijini wakiwasifu ndege weupe, na wiki mbili hazijaisha walikuwa hoi. Ndugu zao wakawabeba kwa machela. Wawapeleke wapi tena? Hospitali. Na huko wakachomwa tena. Walioambukizwa kwa kuuguza jamaa, baadhi yao walipona. Walioambukizwa kwa mwiba, hakupona hata mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani angeishuku nguo nyeupe namna ile?

Yangeyange nao walichoma zaidi, maana hawakuwa na silaha nyingine, wakasali, wakaanza kuanguka. Kati ya watumishi 17 walikufa 11, hata hospitali ikafungwa. Waliobaki walikuwa wamesoma kwamba tauni huzuiwa kwa uzio, basi wakaizungushia nyumba yao kamba, wakatundika bango la kumwonya mgeni kwamba akiivuka atakufa, wakakaa ndani kungoja zamu yao. Mlango wa hospitali ulipokwisha kufungwa, ndipo ugonjwa ulipoanza kupungua.

Vijijini hapakuwa na aliyemngoja Chui, ambaye wakati huo alikuwa ng'ambo akipunga upepo. Akina Kobe wazee, walioikumbuka ndui, waliziba njia kwa magogo, wakawatenga wagonjwa na wazima, wakakataza mgeni kuingia na mwenyeji kutoka. Hawakuwa na sinia wala beseni.

Ndipo korongo mabingwa walipotua kutoka pande zote za dunia, wakiwa na vitabu na vioo vya kukuzia. Walihesabu wagonjwa 318 na makaburi 280. Usiku mmoja waliketi kuutafutia ugonjwa jina, nao, kwa huruma, hawakutaka kulitia doa la milele jina la kijiji chenye hospitali ile. Wakakunjua ramani ndogo, wakaona mto uliodhaniwa kuwa ndio wa karibu, wakauita ugonjwa kwa jina la mto huo. Mto wenyewe haukuwa wa karibu, wala haukuwa umemdhuru mtu.

Chui aliporudi alisomewa taarifa yote, mwiba kwa mwiba, huku akiiweka sawa kofia yake. Aliuliza swali moja tu: jina la ugonjwa. Alipotajiwa mto, uso ukamkunjuka, akasema, "Basi kosa ni la maji," akaamuru walinzi wapelekwe mtoni na ngoma zipigwe. Fisi akafungua daftari la mwaka uliofuata, na mbele ya kila zahanati ya himaya, safu ya miiba, akaandika 5.