Usiguse: Mwongozo wa Mgeni Kwenye Maonyesho ya Mitindo London

Umefika London, na wakati wenzako wanapiga picha darajani, wewe umeamua kujifunza habari za wabunifu wa mavazi wa Uingereza. Hongera. Kabla hujaumbuka, soma haya.

Mavazi. Usipendeze. Ukiingia na suti iliyopigwa pasi ikasimama, utadhaniwa mlinzi na kuulizwa choo kiko wapi. Wajuzi wa mitindo huvaa vitu vyeusi, vipana, visivyo na umbo, kama gunia la mkaa lililouzwa nusu.

Tiketi. Makumbusho ya Victoria and Albert, ambayo wenyeji huyaita V&A, hayana kiingilio. Usishangilie: bure ni mlango, onyesho kubwa la msimu lina bei yake. Wala usiseme utanunua ukifika. Mwaka 2015 onyesho la mavazi ya mbunifu Alexander McQueen lilipata watazamaji zaidi ya 490,000, na wikiendi za mwisho milango ilikesha wazi. Sisi hukesha msibani na kwenye taarabu. Wao walikesha wakitazama midoli.

Giza. Ukikuta ukumbi una kiza, usiulize kama luku imeisha. Mwanga hupausha kitambaa, kwa hiyo taa hufifizwa makusudi. Tembea taratibu na uombe radhi kwa kila unayemgonga, hata kama ni nguzo.

Mkono. Huu ndio utakaokuponza. Mtu aliyelelewa sokoni hanunui nguo kwa macho. Hupapasa kitambaa, hugeuza pindo, huvuta mshono aone kama unashika. Uache mkono mfukoni. Ukigusa tu, mhudumu atakujia na upole wa Kiingereza, ambao unauma kuliko kofi.

Maelezo ya pembeni. Hayatakuambia koti lilikatwaje. Yatakuambia kwamba koti "linahoji mamlaka". Usiulize mamlaka yalijibu nini.

Viatu. V&A wana viatu vya bluu vya mbunifu Vivienne Westwood, vyenye kisigino kirefu kama chupa ya soda. Mwaka 1993 vilimwangusha mwanamitindo Naomi Campbell jukwaani Paris, akacheka huku amekaa chini. Kwetu kiatu kikimwangusha mtu hurudishwa kwa aliyekiuza. Hiki kiliwekwa makumbusho.

Mhadhara. Kaa karibu na mlango. Wazungumzaji watakubaliana kwa saa nzima kwamba vazi ni "mazungumzo". Kisha atasimama mtu aseme hana swali ila ana mchango, nawe utajisikia uko nyumbani, kwenye mkutano wa kijiji. Ukipewa kipaza sauti, uliza jambo moja tu: nani alishona? Ukumbi utanyamaza kidogo.

Swali hilo si la utani. McQueen, mtoto wa dereva wa teksi, aliacha shule akiwa na miaka 16, akaenda kujifunza ushonaji wa makoti Savile Row, mtaa wa mafundi suti. Mbunifu Mary Quant, aliyefungua duka lake mtaa wa King's Road mwaka 1955, baadaye aliuza hadi karatasi za kukatia, ili msichana asiye na hela ya gauni ajishonee nyumbani.

Na mafundi hawa wana siri zao. McQueen mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mwanagenzi aliandika matusi ndani ya koti la Charles, wakati huo Mwanamfalme, akayafunika kwa bitana. Norman Hartnell, aliyebuni gauni alilotawazwa nalo Malkia Elizabeth mwaka 1953, alidarizi kwa siri klova ya majani manne, alama ya bahati kwa Waingereza, upande wa kushoto, pale mkono wa Malkia ungegusa. Mambo kama hayo utayaonaje, nawe umesimama mbele ya kioo, mdoli amekupa uso na ukuta umepewa mgongo?

Njia ipo. Tangu 2025, V&A wana ghala lililo wazi kwa watu wote mashariki mwa London, linaitwa V&A East Storehouse. Unaagiza mapema kupitia intaneti, hadi vitu vitano, bila malipo, na siku yako ikifika unaletewa mezani. Usiagize gauni uliloliona kwenye magazeti. Agiza lile unalotaka kujua limeungwaje begani, kisha omba uonyeshwe ndani.

Na kama nauli ya London haijapatikana, nenda kwenye masoko ya mitumba ya Karume au Gikomba balo la Uingereza linapofunguliwa alfajiri. Utakuta makoti ya kwao bila kioo, bila maelezo, bila mhadhara. Chagua moja, ligeuze, fumua bitana kidogo pale kwapani uone fundi alifanya nini. Muuzaji akikukaripia, lipa. Hiyo ndiyo tiketi.