Yah: Nafasi ya Kazi Iliyoachwa Wazi Zamfara

Mwenyekiti na Wajumbe,
Jukwaa la Magavana wa Nigeria,
Abuja.

Waheshimiwa,

YAH: KUOMBA KAZI YA OFISA MKUU WA USALAMA WA JIMBO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlinzi wa usiku wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kariakoo, Dar es Salaam. Mwaka huu ni wa kumi na moja kwenye lindo hilihili. Nina rungu, tochi, filimbi, koti la mvua nililorithi kwa marehemu aliyenitangulia, na redio ya betri. Redio ndiyo iliyonifikisha kwenu. Usiku wa Kariakoo ni mrefu, na mlinzi asiyetaka kukutwa amesinzia husikiliza habari za nchi za watu.

Huko ndiko nilikosikia, tena na tena, kwamba kila gavana wa Nigeria ana cheo cha pili: ni Ofisa Mkuu wa Usalama wa jimbo lake. Nikasema moyoni, kumbe hawa ni wenzangu. Nikamwomba kijana wa duka la simu anipakulie Katiba yenu ya 1999, nione cheo hicho kinakaa ukurasa gani. Nimeisoma kwa mwanga wa tochi, betri jozi mbili. Kifungu cha 176 kinamtaja gavana kuwa mtendaji mkuu wa jimbo. Ofisa mkuu wa usalama sikumwona. Nilimtafuta mpaka kwenye majedwali ya mwisho. Nikaelewa kwamba ni jina la heshima tu, kama sisi tunavyomwita muuza kahawa wa mtaani "mwenyekiti".

Hata hivyo nafasi ipo, na ninao ushahidi kwamba iko wazi. Juni 2018, Mheshimiwa Abdulaziz Yari, gavana wa Zamfara, tena wakati huo mwenyekiti wa Jukwaa lenu, alitangaza kuwa anaachia kazi ya ofisa mkuu wa usalama kwa sababu hana amri juu ya vyombo vya usalama. Huko vijijini watu walikuwa wanauawa. Ugavana hakuuachia. Aliendelea nao hadi Mei 2019, na leo jina lake limo katika orodha ya maseneta waliochaguliwa mwaka 2023. Mimi nikimwambia tajiri wangu kwamba kuanzia usiku huu naacha kulinda ila nabaki mlinzi, na mshahara uendelee kama kawaida, atanusa pumzi yangu kwanza ndipo anijibu.

Sasa nieleze sifa zangu.

Siwezi kumwamuru polisi. Hapo tunalingana kabisa, waheshimiwa, wala sihitaji mafunzo kazini. Kifungu cha 214 kinasema jeshi la polisi ni moja tu kwa nchi nzima, majimbo 36 pamoja na Abuja. Inspekta Jenerali anateuliwa na Rais, na kamishna wa polisi wa jimbo halipwi nanyi wala hapandishwi cheo nanyi. Kifungu kinachofuata kinawaruhusu kumpa kamishna maagizo halali juu ya usalama wa raia, naye anatakiwa atii. Ila kabla ya kutii anaweza kuomba jambo hilo lipelekwe kwanza kwa Rais. Sentensi hiyo nimeirudia mara nne. Ni sawa na kuambiwa rungu ni lako, lakini ukimwona mwizi juu ya bati, kampigie simu mwenye duka kwanza, naye yuko Guangzhou kufuata mzigo.

Pia najua kulaani. Nimejizoeza mbele ya kioo cha duka la jirani: "Tunalaani vikali." "Hatutakubali." "Waliohusika watasakwa popote walipo." Najua kufika mahali pa tukio kukishapambazuka, nikiwa na msafara, na kuwapa wafiwa magunia ya mchele mbele ya kamera. Na nikishindwa kabisa, najua kuwakabidhi wananchi kazi yangu. Hili nimejifunza kwa mabingwa. Agosti 2021 gavana wa Katsina, Aminu Masari, aliwaambia watu wake watafute silaha wajilinde, kwa kuwa dini inamruhusu mtu kujilinda. Juni 2022 mwenzake wa Zamfara, Bello Matawalle, aliagiza wananchi wapewe vibali vya bunduki, fomu 500 kwa kila utawala wa emir, na jimbo lina tawala 19. Kamishna wa polisi ndiye aliyetakiwa kutoa vibali hivyo. Mkuu wa Majeshi akajitokeza kusema gavana hana mamlaka hayo. Basi fomu zikawa fomu. Lakini Agosti 2023 Matawalle aliapishwa kuwa Waziri wa Nchi wa Ulinzi. Nimeiweka habari hiyo kwenye bahasha pamoja na vyeti vyangu, ili tajiri wangu aone kwamba kazi yetu nayo ina kupanda ngazi.

Nije kwenye maslahi, maana mlinzi asiyetaja mshahara mapema hulipwa kwa shukrani. Mimi hapa napata laki moja na nusu kwa mwezi. Mwaka juzi kufuli moja la stoo lilipotea, sijui hata leo nani alilichukua, nikakatwa elfu kumi na nane. Ninyi mna kitu kinaitwa fungu la usalama, kinachotoka kila mwezi, ambacho kwa desturi hakidaiwi risiti wala hakipiti mbele ya mkaguzi. Mwaka 2018 shirika la Transparency International lilikadiria kwamba mafungu ya namna hiyo Nigeria yanafikia takriban dola milioni 670 kwa mwaka, zaidi ya bajeti ya mwaka ya jeshi la nchi kavu.

Nilipolisikia hilo nilizima redio nikakaa kimya. Si kwa wivu. Nilikuwa natafuta hesabu. Cheo hakimo kwenye Katiba, amri juu ya polisi hamna, mnasema wenyewe. Fungu la cheo hicho linatoka bila kukosa. Kwa hiyo linalipia nini? Ni kweli baadhi yenu mnawanunulia polisi wa serikali kuu magari, mafuta na posho. Lagos wana mfuko maalumu wa kazi hiyo tangu 2007, na wanautaja hadharani. Lakini gari lenye risiti na fungu lisilo na risiti ni watoto wa mama tofauti. Nimeanza kushuku, mnisamehe, kwamba kutokuwa na mamlaka si ugonjwa mnaotaka kutibiwa. Mtu mwenye mamlaka huulizwa. Asiye nayo husikitikiwa, na kusikitikiwa pamoja na fungu ni maisha mazuri.

Kulikuwa na mmoja wenu nisiyemweka kapu moja na wengine. Januari 9, 2020 majimbo sita ya kusini magharibi yalizindua mjini Ibadan kikosi chao cha ulinzi, Amotekun, maana yake chui kwa Kiyoruba. Magari mapya, sare, wawindaji wanaojua njia za msituni kuliko polisi aliyehamishwa jana kutoka upande wa pili wa nchi asiyejua hata salamu ya kijiji. Siku tano baadaye Mwanasheria Mkuu wa Serikali Kuu, Abubakar Malami, akasema chui huyo ni haramu. Vikawa vikao na Makamu wa Rais, kisha kila jimbo likatunga sheria yake. Ndipo chui akaruhusiwa kutembea, mradi asing'ate: bunduki za kuwindia sawa, za kivita hapana.

Juni 5, 2022, siku ya Pentekoste, watu wenye silaha waliingia kanisa la Mtakatifu Francis Xavier mjini Owo wakaua waumini wasiopungua 40. Owo ndiko nyumbani kwa gavana wa Ondo, Rotimi Akeredolu, yuleyule aliyekuwa mbele ya wenzake kuianzisha Amotekun. Miezi mitatu baadaye alilalamika hadharani kwamba walinzi wa Katsina wanashika silaha ambazo vijana wake wamenyimwa. Alifariki mwishoni mwa 2023. Alikuwa na makosa yake kama kila mwanasiasa, lakini aliomba rungu. Wengi wenu nimewasikia mkiomba pole.

Serikali kuu nayo ilikuwa na chui wake. Mwaka huohuo wa 2020 iliidhinisha naira bilioni 13 za kuanzishia polisi jamii. Vijana wakafundishwa, wakavalishwa sare, kisha wakaambiwa kazi ni ya kujitolea. Huku kwetu tunaita ulinzi shirikishi, na tafsiri yake mtaani ni hiyohiyo: wewe unashiriki kukesha, mwenzako anashiriki bajeti.

Msinielewe kwamba nawasifia wanamgambo. Sisi tuna sungusungu, walioanza usukumani na unyamwezini miaka ya themanini kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Wizi ulipungua kweli. Lakini wapo vikongwe waliokufa mikononi mwao kwa kuitwa wachawi. Mkononi mwa mtu asiyeulizwa, rungu halichagui kichwa.

Ndiyo maana nasita mnapodai polisi wa majimbo. Kwa akili ya kawaida mnadai haki: nani amewahi kuona lindo la Kariakoo likiongozwa kwa simu kutoka Dodoma? Februari 2024 ninyi na Rais Bola Tinubu mlianza kulizungumza kwa uzito, na Novemba 2025 yeye mwenyewe akaliomba Bunge lianze kutazama sheria. Ila wazee wenu wanakumbuka Jamhuri ya Kwanza, polisi wa mamlaka za wenyeji kaskazini na wa halmashauri magharibi walivyokuwa wakiwapiga wapinzani kwa niaba ya wakubwa, mpaka wanajeshi walioshika nchi 1966 wakawavunja. Mnasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje kwenye ya juzi. Kano kuna halmashauri 44, na uchaguzi wake unasimamiwa na tume ya jimbo. Januari 2021 gavana alikuwa wa chama cha APC: APC ikashinda zote 44. Oktoba 2024 gavana alikuwa wa NNPP: NNPP ikashinda zote 44. Wapiga kura walewale. Mkikabidhiwa polisi kwa mtindo mliokabidhiwa tume, jambazi wa msituni atalala usingizi, na mpinzani atajifunza kulala na viatu.

Serikali kuu isicheke. Ina polisi wapatao 370,000, na imekadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 kati yao walikuwa kazini kwa wakubwa, hadi Rais alipoamuru Novemba 2025 waondolewe huko. Hao ndio wenzangu hasa: kufungua geti, kubeba mkoba wa mama mheshimiwa, kusimama juani nje ya harusi. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuapa kulinda wananchi wote. Nimeahidi duka moja.

Waheshimiwa, nilitaka kuishia hapo kwa vichekesho, lakini kuna usiku mmoja wa Novemba hiyohiyo ambao redio iliniharibia lindo. Tarehe 17, huko Maga, jimbo la Kebbi, wasichana 25 walichukuliwa shuleni. Gavana akauliza ni nani aliyeamuru askari waliokuwapo waondoke muda mfupi kabla. Ofisa Mkuu wa Usalama, anauliza. Siku nne baadaye, jimbo la Niger, majambazi wakaingia shule ya bweni ya Mtakatifu Maria, Papiri. Serikali ya jimbo ikatoa tamko kwamba shule ilifunguliwa bila ruhusa wakati tahadhari ilikuwapo. Jimbo Katoliki likasema tahadhari hiyo halikuipata. Na wakati hao wanarushiana barua, hesabu ya watoto ilikuwa haijakaa sawa. Kwanza Jumuiya ya Wakristo ilitaja wanafunzi 215 na walimu 12. Wakarudi kuhesabu, wakaita majina, wakauliza wazazi. Wanafunzi wakawa 303.

Wengine walitoroka, wengine waliachiwa kwa makundi, wa mwisho siku chache kabla ya Krismasi. Nashukuru Mungu. Ila lile pengo la watoto 88 kati ya hesabu ya kwanza na ya pili halijaniondoka. Kwamba kulikuwa na saa kadhaa ambapo watoto 88 walikuwa msituni na hawamo hata kwenye orodha ya waliopotea. Kifungu cha 14 cha Katiba yenu kinasema usalama na ustawi wa wananchi ndilo kusudi la kwanza la serikali. Nimekipigia mstari kwa kalamu ya tajiri.

Kuhusu usaili, niko tayari siku yoyote mtakayopanga, hata kwa simu. Naomba tu usiwe kabla ya saa moja asubuhi. Muda huo huwa nakabidhi lindo. Nasimama na kijana wa duka, tunapita mlango kwa mlango, nagusa kila kufuli kwa mkono wangu nikitaja namba yake, yeye anaandika kwenye daftari, mimi natia saini.

Leo yalikuwa kumi na manne.

Wenu mtiifu,

Mlinzi, zamu ya usiku,
Kariakoo, Dar es Salaam.