Mpira au Upanga

Mvua ya São Paulo haipigi hodi. Saa tisa alasiri jua linawaka, robo saa baadaye mitaro imefurika na wauza miavuli wameshajipanga kwenye milango ya metro. Mimi sikununua mwavuli. Pesa ya mwavuli, pamoja na ya chakula cha Jumatatu, nilikuwa nimeiacha dukani mtaa wa Liberdade, nikapewa *Lobo Solitário*, juzuu ya kwanza, toleo jipya la Kireno, bado limo kwenye nailoni. Nikalisokomeza ndani ya shati, nikatimua mbio. Mlinzi wa stesheni alikitazama kitambi changu chenye pembe nne, akaona halipwi mshahara wa kutosha kuniuliza.

Kisa chenyewe, cha katuni za Kijapani, kina umri. Kazuo Koike alikiandika na Goseki Kojima akakichora kati ya 1970 na 1976: mkata vichwa rasmi wa shoguni anasingiziwa uhaini, mkewe anauawa, naye anashika njia ya kisasi akisukuma kigari cha mbao alimopakiwa mwanawe mchanga, Daigoro. Juzuu 28. Wabrazili walimpata samurai huyu kwa Kireno mwaka 1988, lakini toleo lile lilikatikia njiani. Halafu kurasa zilikuwa zimepinduliwa ili zisomeke kutoka kushoto, basi samurai mzima akawa anachinja kwa mkono wa kushoto. Bibi yangu wa Tanga asingekubali hata kupokea salamu yake.

Toleo langu linaanzia kulia, inavyotakiwa. Sisi tuliochapwa bakora madrasa kwa ajili ya alifu na be hatuhitaji kuelekezwa.

Nilikaa kwenye benchi la jukwaani, nikapasua nailoni kwa meno. Sikufika ukurasa wa tatu nikasikia pumzi ya mtu shingoni. Mzee wa Kijapani, mzaliwa wa hukohuko Brazil, na mfuko ambamo figili ndefu nyeupe zilichungulia. Aliyewahi kufungua gazeti ndani ya daladala anamjua mtu huyu: hakuombi, hakusalimii, anasoma tu. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa na kasi kuliko mimi.

“Geuza,” akasema.

“Bado, mzee.”

“Kireno chako kizito, kijana. Geuza.”

Katikati ya kugeuza akanipa historia yake. Mwaka 1988 alinunua kila toleo lililofika kwenye kibanda cha magazeti, hadi yakaacha kufika. Sheria ya Japani ya mwaka 1990 ilipowafungulia wajukuu wa wahamiaji mlango wa kufanya kazi huko, naye akaondoka, akaishia kiwanda cha vipuri vya magari. Huko samurai wake alijaa tele madukani, juzuu zote, kwa Kijapani. Mzee alikuwa anaongea Kijapani cha kuombea chumvi mezani kwa bibi yake, kusoma hajui. Alikuwa anaingia dukani jioni, anatazama picha, anatoka na hasira. Juzuu zote zilipotoka kwa Kireno nyumbani Brazil, miaka ya 2000, yeye bado yuko kulekule anakaza nati.

Nikamsogezea kitabu magotini. Mtu wa namna hiyo unamnyima vipi?

Sasa akaja dada mmoja amembeba mtoto, akaketi upande wangu wa pili, akashika jalada lililo karibu naye na kulifunua. Kwake ndio mwanzo. Kwetu ni mwisho. Akatua moja kwa moja kwenye kisa cha kufungia juzuu: baba ameweka mbele ya mtoto mpira na upanga. Akitambaa kuelekea mpira, atauawa amfuate mama yake; akishika upanga, watatembea pamoja njia ya kuuana.

“Huyu baba yuko wapi?” dada akauliza, kwa sauti iliyofika jukwaa la pili. “Mbona hashtakiwi?”

Mzee akamweleza kuhusu heshima ya samurai. Dada akasema heshima hainyonyeshi. Kijana mwenye skuteri akaunga mkono mpira. Fundi mmoja, mikono imejaa saruji, akataka kujua kama mpira wenyewe ulikuwa mzuri, maana hilo linabadilisha mambo. Hii ni Brazil. Mimi, mwenye kitabu, nilikuwa nimebakiwa na kona ya jalada. Mtoto wa dada ndiye aliyekuwa na nailoni, anaitafuna.

Treni zikapita. Hatimaye ukafunuliwa ukurasa ambapo Daigoro anashika upanga, benchi zima likaguna, na dada akamkumbatia wake mpaka akalia.

“Juzuu ya pili unanunua lini?” mzee akaniuliza.

“Mshahara ukiingia.”

Akanitazama juu hadi chini. Akasema yeye anangoja tangu 1988, hawezi kungoja na mshahara wangu pia, akanitupia mfuko wake mapajani na kupanda ngazi kurudi madukani, kwenye mvua ileile, mbio za mtu mwenye nusu ya umri wake. Kabla sijamwita, treni yangu ikaingia na kufungua milango, nami nimekumbatia figili za watu.