Taarifa kwa Kikundi: Mjukuu Amefungwa, Hafunguki

Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wanakikundi wote wa Kirumba,

Mimi mzima, binti yenu mzima, mkwe mzima, mjukuu anakula na kuongezeka. Katibu ameniuliza kwa nini kwenye picha zote ninazotuma mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa. Sikuteleza kwenye theluji kama mlivyokwisha kutangaza huko Mwaloni. Ni dole gumba. Limeumia kwa kumtoa mtoto garini.

Chekeni kwanza, nawasubiri.

Kwetu mtoto anatolewaje garini? Konda anamdaka kwapani, anakukabidhi, anagonga bati, na Hiace inaelekea Buhongwa wewe ukiwa bado unatafuta kiatu chake cha pili. Ndani alipakatwa, nauli hakulipa, na kilichomshikilia njia nzima ni mikono yako na rehema za Mungu. Huku Minneapolis mtoto hapakatwi. Ana kiti chake, kiti kimefungwa kwenye gari, na yeye amefungwa kwenye kiti: mikanda inapita mabegani, inapita nyongani, mmoja unapanda kutoka katikati ya miguu, na yote inakutana chini ya tumbo kwenye kifungio kimoja chenye kitufe chekundu. Kifuani kuna kibanio kingine, cha kuzuia mikanda isiteleze mabegani.

Tena mjukuu wenu hatazami mbele. Sheria mpya ya jimbo hili la Minnesota, iliyoanza Agosti 2024, inataka mtoto aliye chini ya miaka 2 atazame nyuma, na mpaka afikishe miaka 9 atakuwa kwenye kiti cha aina moja au nyingine, labda arefuke mapema. Nilidhani ni ubishi wa Wazungu. Mkwe akanieleza kwamba miaka ya 1960 daktari mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, aliangalia jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali wanaporushwa angani, kishindo chote kikapokelewa na mgongo, akaona mtoto naye asafirishwe hivyohivyo. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo haijakomaa; gari likigonga mbele, kiti kinambeba mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Basi mjukuu wa muuza dagaa anakwenda kununua viazi amepakiwa kwa utaratibu wa mwanaanga. Kwa hilo sina neno. Tena nampongeza daktari.

Neno langu ni kitufe.

Serikali ya huku imeandika kabisa: kitufe kisifunguke kwa nguvu iliyo chini ya kilo 4 hivi, wala kisidai zaidi ya kilo 6 na ushei. Ukikilegeza sana, mtoto atakifungua mwenyewe gari likiwa mwendo kasi. Ni hoja nzuri. Lakini maabara wanapima kwa mashine, na mashine haijawahi kupaa samaki. Dole langu limepaa sangara na sato tangu enzi za Mzee Mwinyi, baridi yabisi imeshajenga kibanda pale kwenye kiungo, na sasa linaambiwa lisukume hizo kilo peke yake, kwenye kitufe kilichojificha chini ya kitambi cha mtoto anayepiga mateke. Na hapo juisi haijamwagika. Juisi ikiingia na makombo ya biskuti, kitufe kinagoma kabisa. Mafuta hawataki utie. Kijitabu kinasema uoshe kwa maji ya vuguvugu tu.

Halafu kuna baridi. Januari huku kipimo kinashuka chini ya sifuri mpaka unaacha kukisoma. Mtoto haruhusiwi kufungwa mkanda akiwa na koti nene, kwa sababu gari likigonga koti linabonyea, mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Kwa hiyo unamvua koti ndani ya jokofu hilo la dunia nzima, unamfunga, unaukaza mkanda mpaka usiweze kuubana mkunjo kwa vidole, ndipo unamfunika. Mimi namfunika kanga mbili na blanketi. Wakati wa kumtoa, glavu hazibonyezi. Unavua glavu, dole linakufa ganzi, kilo zile haziji.

Ndivyo yalivyonikuta Karmel, lile soko la Wasomali. Binti alitushusha mlangoni akiwa amekalia usukani, nyuma magari yamejipanga, na mimi nimeinamia siti ya nyuma, makalio nje kwenye upepo, nabonyeza. Nabonyeza kwa kulia, nabonyeza kwa kushoto, nabonyeza dole juu ya dole. Mtoto analia, aliye nyuma yetu anapiga honi, binti ananiambia, “Mama, bonyeza tu!” Tu! Mara mama mmoja mwenye hijabu akanigusa bega. Kiswahili safi cha Eastleigh: “Mama, ngoja nikusaidie.” Akatoa kwenye funguo zake kijidude cha plastiki, mikono miwili iliyoungana nyuma, akakivisha kwenye kifungio, chuchu yake ikatua kwenye kitufe, akafumba kiganja. Tak! Mtoto huyo huru. Nikamshika yule mama mkono nikasahau kumwachia.

Binti akaniagizia changu jioni hiyohiyo. Kinaitwa UnbuckleMe, na aliyekibuni ni bibi. Barbara Heilman, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ndiye aliyekuwa na maumivu ya dole gumba kama langu, akashindwa kumfungua mjukuu wake, akachukua plastiki ile wanayotengenezea vibao vya kufungia viungo vya wagonjwa, akajiundia kimoja. Binti yake Becca Davison akakipeleka sokoni. Kazi iliyokuwa ya kidole kimoja inafanywa na kiganja kizima. Kiganja cha kufulia na kusongea ugali bado ninacho. Nawaambia ukweli, wanakikundi: waliopanga zile kilo walimfikiria mtoto asifungue, wakamfikiria baba kijana afungue. Bibi hakualikwa kikaoni, wakati dunia nzima bibi ndiye anayeachiwa mtoto.

Wiki iliyopita mkwe alitaka kutupeleka Mille Lacs kuvua samaki. Ni ziwa, lakini sasa hivi ni barafu, na barafu ikifikia unene wa sentimita 30 hivi watu wanapita juu yake na magari. Wanatoboa tundu, wanakaa wanasubiri samaki. Nikauliza usalama ukoje. Akajibu, bila kupepesa, kwamba mkiwa juu ya barafu mnashauriwa mfungue mikanda na mshushe vioo, ili gari likizama mchomoke upesi. Nikamwambia: mkwe wangu, huyu mtoto mmemfunga mwaka mzima kwa kitufe kisichofunguka, leo ndio mnipeleke naye pasipotaka mkanda? Pale Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025, tulikuwa tunateremshwa basi kabla ya kivuko kuondoka. Na mtu wa Mwanza aliyeuona msiba wa meli wa Mei 1996 haelezwi habari za chombo kuzama. Mkwe alikwenda peke yake. Alirudi na samaki wawili, wembamba.

Sasa ya Katibu, ninayejua atataka nilete vijidude kumi tuviuze Makoroboi. Tumuuzie nani? Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 ilitungwa bila kumwazia mtoto kiti chake. Ila mpwa wangu mwenye IST pale Nyegezi mwambieni aingize vidole kwenye ufa wa siti ya nyuma, pale mgongo unapokutana na kalio. Gari nyingi za Japani za miaka ya karibuni zina vyuma viwili humo, ni vya kushikia kiti cha mtoto. Alivilipia bandarini bila kujua, na leo vimefunikwa na maganda ya karanga. Akivipata, nitamletea kiti alichokiacha mjukuu alipokuwa mchanga, nikishaangalia tarehe, maana kiti nacho kina mwisho wake wa kutumika. Na kijidude kimoja nitamletea mkewe.

Mweka Hazina, hapana, hakifungui soda. Nimejaribu.

Hisa zangu za mwezi huu analeta kijana wangu wa Nyakato. Zihesabiwe mbele yake, na nauli ya kurudi asiikate humo.